Kanzu ya Kweli, Habari ya Uongo

Tufungue Mwanzo 37, tuanzie mstari wa 31. Ndugu zake Yosefu walichinja mbuzi, wakachovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao aitambue. Kanzu ilikuwa ya kweli. Damu nayo ilikuwa damu. Uongo ulikuwa katika kuviunganisha. Yakobo akamlilia mtoto aliyekuwa hai.

Leo kanzu hiyo inapita katika simu zetu. Mtu anachukua picha ya kweli, anaibandikia alama ya # na neno linalotafutwa na wengi. Kazi ya alama hiyo ni kukusanya habari za jambo moja mahali pamoja. Lakini simu haiulizi kama neno na picha vinapatana.

Tuchukue mfano wa kwetu. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, teritware ya Uvira, Kivu ya Kusini. Watu wakaja kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 200, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Baadaye picha ya miili ile ilizunguka dunia na maneno mengine: eti ni Wakristo waliochomwa na Waislamu Nijeria.

Tunaungama mbele yenu. Ilipofika katika kikundi chetu cha maombi hapa Lubutu, sisi wachungaji tuliituma kwa wengine, tukaitisha kufunga. Kuombea Nijeria si kosa. Kule Wakristo wameuawa kweli. Lakini juma lile mama mmoja wa kanisa aliacha kununua chumvi kwa jirani yake Mwislamu, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Katika Maniema hii tunaishi na Waislamu tangu enzi za mababu. Na wafu wa Sange, ndugu zetu, tuliwanyang'anya hata kilio chao.

Msiseme, «Sisi hatukuandika, tulituma tu.» Ndugu zake Yosefu nao hawakutamka kwamba amekufa. Walionyesha kanzu, wakamwambia tu aitambue. Amri ya tisa, Kutoka 20:16, inahusu pia kidole kinachotuma.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kutuma, tuulize: picha hii ni ya wapi, ya lini, nani aliyekuwepo? Tusipopata jibu, tuiache. Tusibandike jina la Yesu wala la vita juu ya jambo lisilohusika, ili tu watu watazame. Na tukiwa tumekosea, turudi katika kikundi kile kile tuseme wazi. Sisi tumekwisha kufanya hivyo, tukaenda pamoja na yule mama kwa jirani yake. Alitukaribisha, tukaketi.

Bwana atakase vinywa vyetu, na vidole vyetu pia. Amina.