Simu ya Mama na Shina la Mwembe: Kuwafundisha Vijana Soka Uwanja Ukiwa Umefungwa, na Kuwarudisha Mchezoni

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya makocha wa vijana na walimu wa michezo, Matete, Kaunti ya Kakamega



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfundisha kijana soka akiwa nyumbani kwao nawe ukiwa kwako, na namna ya kumrudisha uwanjani baadaye. Nitasema mapema ninachokiamini. Kwa watoto wetu wa hapa, kufundisha kwa mbali ni kazi ya kuijua siku ya mtoto: anaamka saa ngapi, anabeba mzigo gani, anakula nini, na simu ya nyumbani kwao hulala kwa nani. Kocha asiyejua hayo anaweza kutuma video kila siku na asimfundishe mtu. Anayeyajua ana pa kuanzia, na mtoto akirudi atajua pia amkabidhi mazoezi kiasi gani.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na wiki hiyohiyo watoto wote wakawa nyumbani. Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi. Soka ya wakubwa ilipata ufumbuzi wake: mwishoni mwa Aprili shirikisho la soka likaumaliza msimu na kuwapa Gor Mahia ubingwa, na ligi mpya ikaanza mwishoni mwa Novemba. Soka ya watoto haikuwa na wa kuitolea tamko. Tarehe 12 Oktoba 2020 wakarudi shuleni wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne peke yao. Wengine wote walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Mashindano ya shule za upili yalikuja kurudi mwaka wa 2022.

Sisi wa Kakamega tulikuwa na mkasa wetu zaidi. Juni 2021, virusi vya aina ya Delta vilipopamba moto upande huu wa ziwa na magharibi, kaunti kumi na tatu, yetu ikiwemo, zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Hapa jua huzama karibu na saa moja kasoro, na watoto wengi huja mazoezini baada ya kufunga ng'ombe na kuteka maji, yaani saa kumi na moja. Anayeishi mbali, akikaa muda mfupi tu uwanjani, ilimlazimu aanze kukimbilia nyumbani. Nataja hili kwa sababu watu huzungumza kana kwamba kulikuwa na kufungwa mara moja na kufunguliwa mara moja. Uwanja ulifungwa, ukafunguliwa nusu, ukafungwa tena. Mipango yetu lazima ilingane na hali hiyo.

Sasa simu. Katika nyumba nyingi za hapa kuna simu moja, na mara nyingi ni kabambe, simu ya vitufe isiyofungua video. Ni ya mama au ya baba, mchana huenda nayo sokoni au shambani, na pasipo umeme huachwa dukani ikichajishwa. Kocha anayepiga saa nne asubuhi akimtafuta mchezaji wake hampati. Wakati mzuri ni baada ya chakula cha jioni, simu imerudi na mwenye simu ametulia. Na hapo tuelewe jambo moja: anayepokea ni mzazi, na anayeamua kama mtoto atapewa hizo dakika kumi za mpira ni mzazi. Mwanafunzi wetu wa kwanza kwa hiyo ni mama, au baba, au kukhu, yaani nyanya. Heshima ianze hapo. Salamu kwanza, hali ya nyumbani, mahindi yamefikia wapi, nani anaumwa, kisha mpira. Katika miezi ile, simu ya kocha ilikuwa pengine simu pekee iliyoingia nyumbani kumuuliza mtoto mwenyewe hali yake, na mtoto alijua.

Ujumbe uwe mfupi, wenye zoezi moja na swali moja. Kwa mfano: "Mama, habari za jioni. Naomba kijana apate dakika kumi kesho kabla ya kuteka maji. Apige pasi kwa mguu wa kushoto tu. Jumamosi nitapiga aniambie mguu ulikuwa ukimsumbua wapi." Zoezi moja huingia kichwani. Mazoezi manane hayasomwi. Na lile swali ndilo linalorudisha habari, kwa sababu mtoto akijua ataulizwa, hujitazama anapocheza. Wapo watakaokwambia kwa ufasaha kabisa kwamba mpira unawapotea wanapotazama juu. Huko ni kufundisha.

Nikae kidogo kwenye suala la ukuta. Video nyingi zilizosambazwa wakati ule kutoka Ulaya zilimwambia mtoto apige mpira ukutani urudi. Ukuta wa matofali huko upo, lakini nyumba nyingi za vijiji vyetu zimekandikwa udongo, na mama ndiye aliyeusiriba ukuta huo kwa mikono yake kabla ya Krismasi. Mtoto akiupiga mpira mara hamsini, plasta inabanduka, na kukhu atakuwa na haki ya kuuficha mpira huo. Hapa tuna kitu kingine: shina la mti, mwembe au mparachichi. Shina ni la mviringo, kwa hiyo mpira haurudi ulikotoka. Unaruka kushoto, unaruka kulia, mara unagonga mzizi ukadunda. Mchezaji hana budi kukaa kwenye vidole, magoti yamekunjwa kidogo, aufuate na kuutuliza kwa mguso mmoja kabla haujaingia kwenye mahindi. Aanze hatua tatu kutoka kwenye mti, akizoea arudi nyuma hadi sita. Kipa apige kwa mkono na kudaka. Kiungo apige kwa mguu mmoja na kutuliza kwa mwingine. Ukuta laini humzoesha mtoto mpira unaotabirika, ilhali viwanja vyetu vina mashimo na vichuguu, na mpira hapa hautabiriki hata kidogo. Kwa zoezi hili nauchagua mwembe.

Mpira wenyewe pia tuusemee. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka wa 2017, juala za kufungia mpira zimeadimika, na watoto wamerudi kwenye matambara, godoro chakavu, magome makavu ya mgomba na kamba ya katani. Mpira huo haudundi, lakini kwa chenga na kwa kuusukuma karibu na mguu unafaa sana, na ni mzuri hasa kwa mtoto wa miaka minane au tisa. Anayetaka danadana aufunge kwa kukaza zaidi.

Nilisema kuijua siku ya mtoto, na hapa ndipo penye uzito. Shule zilipofungwa, wavulana wengi wa upande huu waliingia kazini. Wapo waliokata na kupakia miwa, wapo waliopalilia kwa kibarua, wapo wenye miaka kumi na minne walioshika bodaboda. Wasichana walibeba nyumba nzima: maji, kuni, wadogo zao. Sitetei watoto kufanya kazi za kuvunja mgongo, na kocha akiona hivyo ana wajibu wa kuzungumza na mzazi, na ikibidi na chifu. Lakini wakati huohuo anapaswa kupanga mazoezi kwa mwili uliopo. Kijana aliyepakia miwa kwenye trekta tangu alfajiri hahitaji umwandikie mbio za kilomita tano wala kupiga pushapu. Nguvu anazo, kilichochoka ni mgongo na mapaja. Mpe mguso wa mpira, hata akiwa ameketi, na mpe ruhusa ya kupumzika. Aliyekaa mchana kutwa akisikiliza masomo ya redioni ndiye wa kukimbia. Timu ni moja, lakini mazoezi hayawezi kuwa mamoja.

Na sasa kurudi. Tarehe 8 Mei 2020, kabla ligi ya Ujerumani haijarudi, wasimamizi wa sheria za soka duniani waliruhusu wachezaji watano wabadilishwe badala ya watatu, kwa sababu walijua mwili uliokaa hauhimili mechi zilizosongamana. Hao ni watu wazima wenye madaktari na chakula cha kupimwa, nao walikuwa wamekaa kama miezi miwili tu. Mtoto wa Darasa la Saba hapa Matete alikaa zaidi ya miezi tisa.

Zaidi ya kukaa, alikuwa anakua. Mvulana wa karibu miaka kumi na minne huwa kwenye kilele cha kurefuka, na katika mwaka huo mmoja anaweza kuongeza sentimita tisa au kumi. Msichana hufika hapo mapema, karibu na miaka kumi na miwili. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma zikivutwa. Ndiyo maana wengi waliporudi walilalamikia maumivu chini kidogo ya kofia ya goti, pale kano inaposhikamana na mfupa wa ugoko, na wengine kisiginoni. Wakati mwingine tunawaita wavivu watoto wa aina hii. Wanaumwa kweli, na dawa yake ni kupunguza kuruka na kupiga mashuti mpaka maumivu yatulie. Tazama pia viatu. Buti zilizomkaa Machi zilimbana Januari, na mtoto asiye na nyingine atakunja vidole humo ndani na kukimbia vibaya hadi apate jeraha jingine. Siku ya kwanza ya kurudi, kabla ya mpira kutolewa, nawaomba wenzangu muwapange watoto, muwatazame miguu, na muulize kila mmoja panapouma. Asiye na kiatu kinachomtosha acheze peku na walio peku.

Kwa wiki mbili za mwanzo nusu ya muda wa kawaida inatosha, bila mechi. Kabla ya kila zoezi tutumie mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+, ambao huchukua kama dakika ishirini na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Katika jaribio la wasichana wa Norway lililochapishwa mwaka wa 2008, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Mechi ya kirafiki isubiri wiki ya nne au ya tano, tena ya vipindi vifupi. Aliyeugua Korona arudi dalili zikiisha kabisa, na aanze kwa kutembea na kukimbia polepole. Akilalamikia kifua, pumzi kukatika au moyo kwenda mbio bila sababu, asimame hapohapo na aende kituo cha afya.

Nimeacha la wasichana mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Tuliporudi, wengi wao hawakurudi. Wengine walikuwa wajawazito au wamekuwa mama, wengine wameolewa, wengine nyumba zao zilishazoea mikono yao. Na bado ni mwaka uleule, Septemba 2021, Vihiga Queens, majirani zetu, walipotwaa ubingwa wa ukanda wa CECAFA jijini Nairobi, na Novemba wakaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake barani. Karibu nasi hapa Lugari kuna Archbishop Njenga, shule inayojulikana kwa soka ya wasichana. Njia ipo. Msichana aliyejifungua anaweza kucheza tena mwili ukipona, akiruhusiwa na mhudumu wa afya, na kama atapata wa kumshikia mtoto kando ya uwanja. Timu ikimwambia mapema kwamba nafasi yake ipo, atakuja. Asipoambiwa, atadhani jina lake limefutwa.

Shule zitafungwa tena. Mwaka wa 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei. Kwa hiyo naomba semina hii, kabla hatujaenda kula, ikubaliane kwamba kila timu ya vijana ya Matete iwe na daftari lenye jina la kila mchezaji, namba ya simu ya mlezi na jina la mwenye simu hiyo, saa anayopatikana, kazi anayoifanya mtoto nyumbani, na urefu wake ukipimwa kila mwanzo wa muhula. Daftari likae kwa mwalimu wa michezo, nakala iwe kwa kocha, na mwingine yeyote asilione bila ruhusa ya wazazi. Wa timu za wasichana waanze na wale ambao hawajaonekana tangu muhula uliopita, na simu za kwanza zipigwe jioni ya leo.