Chembe za Chuma na Picha za Hospitali

(Mazungumzo na wanachama, Kibuyuni)

Ndugu wanachama, na akina mama wakulima wa mwani mliokuja kutusikiliza,

Sisi watu wa reli chuma twakijua, na kutu yake twaijua. Leo twataka kuwaeleza jinsi chuma hicho, kikiwa chembe ndogo mno, kinavyomsaidia daktari kuona ndani ya mwili.

Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini nyama laini hufanana zote. Kwa hiyo mgonjwa hutiwa dawa ya kuipambanua picha. Moja ni ya iodini, kitu ambacho Mfaransa Bernard Courtois alikigundua mwaka 1811 katika majivu ya mwani. Naam, mwani!

Mashine ya sumaku, yaani MRI, ina dawa zake. Iliyozoeleka ni gadolini, lakini yaweza kuwadhuru wenye figo mbovu. Nyingine ni chembe za oksidi ya chuma, jamaa ya kutu, zilizovikwa koti la namna ya sukari. Gawa milimita moja mafungu milioni. Chembe na koti lake ni kama mafungu 30 tu. Zikiingia katika damu, seli za ini zima huzimeza, na ini huwa jeusi katika picha. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauna seli hizo, basi hubaki mweupe, na daktari huuona.

Lakini kila dawa ina hatari yake. Dawa moja ya chembe hizi, ferumoxytol, iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, na madaktari wakaitumia kwa picha pia. Mwaka 2015 ilitiwa onyo kali, kwa kuwa wagonjwa wachache walipatwa na mzio, na wengine wakafa. Iliamriwa itiwe polepole, kwa dakika zisizopungua 15, na mgonjwa aangaliwe dakika 30 baadaye.

Basi, ndugu, kabla ya sindano yoyote ya picha, ulizeni: Ni dawa gani hii? Mwambieni daktari habari za figo zenu, na dawa zilizowahi kuwadhuru. Baada ya sindano msikubali kuharakishwa kuondoka.

Kuuliza si utovu wa adabu. Dereva wa treni haondoki kituoni kabla ya kupewa ishara, wala hakuna amwitaye mwoga.