Chombo cha Nyumbani Kikiwa Bidhaa ya Sokoni

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya kikundi cha vijana wa kompyuta walipotuita tuwape ushauri. Walikuwa wametengeneza programu ndogo ya kuendesha tovuti yao wenyewe. Vikundi vya jirani vimeiona, navyo vinaitaka. Kikundi kimegawanyika: wengine wanasema tuuze, wengine wanasema ni aibu kumtoza jirani. Tumeona heri wasomaji wetu wote wayapate.



Mmetuuliza swali moja: je, chombo tulichojitengenezea sisi wenyewe tunaweza kukigeuza kuwa bidhaa ya kulipiwa? Jibu fupi ni ndiyo. Lakini ngojeni kidogo, msikimbie kuandika risiti. Kuna mambo ya kupima kwanza.

Tuanze na mfano mnaoujua. Mtu ananunua mashine ya kusaga mahindi kwa ajili ya nyumba yake. Jirani anakuja na gorogoro moja, anasagiwa bure. Kesho wanakuja watatu, na kesho kutwa foleni imefika barabarani. Dizeli inaisha, mkanda unakatika, na mwenye mashine hapati hata saa moja ya kwenda shambani. Sasa ana njia tatu tu: afunge mlango, aendelee bure mpaka mashine ife, au atoze pesa. Akitoza, nani atamlaumu? Lakini watu watalalamika sana kama ataanza kutoza asubuhi bila kuwaambia jana yake. Tena watakasirika zaidi kama hatahesabu gorogoro, bali atahesabu ni watu wangapi nyumbani watakaokula huo ugali.

Mnacheka, lakini jambo la namna hiyo lilitokea kweli. Hebu tuwasimulie.

Mwaka 2001 huko California, Marekani, kulikuwa na mume na mke vijana, Ben na Mena Trott. Mena alikuwa na tovuti yake binafsi ambamo aliandika habari za maisha yake. Programu zilizokuwapo hazikumridhisha. Ben alijua kuandika programu, na Mena alijua usanifu wa kurasa. Basi wakaketi wakatengeneza chombo chao wenyewe, wakakiita Movable Type. Tarehe 8 Oktoba 2001 wakakitoa kwa watu wengine kupitia intaneti. Mtu aliyekitumia kwa mambo yake binafsi hakulazimishwa kulipa. Aliombwa tu mchango akipenda.

Kilipendwa sana. Watu wengi waliokuwa na tovuti za kuandika walihamia huko. Wawili hawa wakaanzisha kampuni, wakaipa jina la Six Apart kwa sababu tarehe zao za kuzaliwa zimepishana kwa siku sita. Mwaka 2003 walipata mtaji kutoka nje, wakaajiri watu, wakaanzisha pia huduma ya kulipia kila mwezi iitwayo TypePad. Huko mteja hakuhitaji kujua mambo ya seva. Alilipa na kuandika tu, wenyewe wakamtunzia mitambo.

Mpaka hapo mambo ni mazuri, sivyo? Sasa sikilizeni. Mwezi wa Mei 2004 walitoa toleo la tatu la Movable Type, na pamoja nalo masharti mapya. Toleo la bure lilibaki, lakini kwa mwandishi mmoja na tovuti tatu tu. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alitakiwa kulipa, na bei ilipanda kufuatana na hesabu ya waandishi na tovuti. Kumbukeni kwamba watu walikuwa wamekaa miaka miwili na nusu wakitumia chombo hicho bila hesabu ya namna hiyo. Mwingine alikuwa amewafungulia ndugu na marafiki kurasa zao kwa hisani tu. Ghafla hisani yake ikawa na bei.

Malalamiko yalikuwa mengi mno. Mwandishi mmoja aliyejulikana sana, Mark Pilgrim, alipiga hesabu akaona kwamba masharti mapya yangemgharimu dola 535. Hakuzilipa. Alizipeleka dola hizo 535 kama mchango kwa watengenezaji wa programu nyingine, changa wakati huo, iitwayo WordPress. Kampuni ilirekebisha baadhi ya masharti muda mfupi baadaye, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufunga mizigo.

Na hiyo WordPress ilitoka wapi? Nayo ilikuwa chombo cha watu kwa tovuti zao. Kulikuwa na programu iliyoitwa b2, kazi ya Michel Valdrighi, na kazi hiyo ilikuwa imesimama. Kwa vile ilikuwa na leseni huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliichukua wakaiendeleza. Toleo lao la kwanza lilitoka tarehe 27 Mei 2003. Mwaka uliofuata, wakati watu wa Movable Type wanatafuta pa kwenda, mlango huo ulikuwa wazi. Leo WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Msielewe vibaya. Hatusemi kwamba kutoza ni kosa. WordPress pia inaleta pesa: mwaka 2005 Mullenweg alianzisha kampuni ya Automattic, ambayo huuza huduma zinazoizunguka programu, kama kutunza tovuti za wateja na kuzuia maoni ya utapeli. Programu yenyewe ni ya bure, ila kazi ya kuitunza inalipiwa. Na Movable Type haikufa. Mwaka 2007 walitoa toleo huria, mwaka 2013 wakarudi kwenye leseni ya kulipia, na mpaka leo inauzwa, hasa Japani, ambako makampuni huipenda. Ile TypePad ndiyo iliyofungwa, tarehe 30 Septemba 2025, ilipokuwa mikononi mwa wenyeji wengine. Wateja walipewa muda wa mwezi mmoja hivi kuondoa maandishi yao, mengine ya miaka zaidi ya 20.

Haya, sisi tujifunze nini? Tumeona mambo sita.

1. Jueni chombo ni cha nani. Kabla ya kuuza, hakikisheni ni mali yenu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda maandishi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu, haki yake humwendea mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Kama mmoja wenu aliandika sehemu fulani akiwa kazini kwake, ulizeni sasa, msingoje pesa ziingie. Tena angalieni vipande mlivyochukua kwa wengine. Kila kipande kina leseni yake. Kingine kinakuruhusu kuuza bila shida, kingine kinakutaka na wewe uifungue kazi yako.

2. Chombo chako si bidhaa bado. Ninyi mnajua kwamba kitufe fulani kisibonyezwe mara mbili. Mama mweka hazina wa kikundi cha jirani hajui. Bidhaa ni ile ambayo mgeni anaweza kuiweka na kuitumia wakati ninyi mmelala. Inahitaji maelezo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, nakala ya akiba, na mtu wa kupokea simu. Kazi hiyo kwa kawaida ni kubwa kuliko ile ya kuandika programu. Na kama programu inaweka majina na namba za simu za watu, jueni kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu ninyi pia.

3. Pigeni hesabu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme mmepata vikundi 20, kila kimoja kinalipa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 4,000. Vizuri. Sasa kila kikundi kikipiga simu mara mbili kwa mwezi, na kila shida ichukue nusu saa, hizo ni saa 20, yaani siku mbili na nusu za kazi. Kijana akilipwa 800 kwa siku, ni 2,000. Kodi ya seva tuseme 1,500. Simu na bando 500. Jumla 4,000. Hakuna hata senti iliyobaki ya kutengeneza toleo jipya! Mkitoza 300 mtapata 6,000, na 2,000 zinabaki. Hizi ni hesabu za mfano tu, wekeni zenu. Lakini mnaona jinsi shilingi 100 inavyotenganisha mradi unaoishi na mradi unaokufa polepole.

4. Semeni bei mapema, na waliotangulia waheshimuni. Jirani aliyeanza kutumia bure aliamini neno lenu. Ahadi ni deni. Kama mnajua kwamba ipo siku mtatoza, mwambieni siku ya kwanza. Ikiwa hamkusema, mpeni muda: miezi sita, au mwacheni aendelee na toleo alilo nalo bila malipo, na anayetaka jipya alipe. Na hesabu ya bei iwe ile ambayo mtu anaielewa bila kumwita mwanasheria. Msihesabu midomo ya kula ugali. Hesabuni gorogoro.

5. Chagueni mnachouza. Mnaweza kuuza programu yenyewe, mtu anunue mara moja. Mnaweza kuuza huduma ya kila mwezi. Mnaweza pia kuiacha programu bure, mkauza kazi ya kuifunga, kufundisha na kurekebisha. Kwa vikundi vya hapa kwetu, ambavyo havina fundi wala seva, tunaona njia ya huduma inafaa zaidi, malipo yakipitia M-Pesa na risiti ikiandikwa kila mara. Lakini uamuzi ni wenu.

6. Acheni mlango wa kutokea. Mtu akitaka kuhama, aweze kuchukua maandishi yake yote kwa njia rahisi. Movable Type iliwapa watu njia ya kutoa maandishi yao, na hilo ni jambo la kusifiwa, hata kama wengi waliitumia kuondoka. Mfanyabiashara anayemfungia mteja mlango anaogopa kitu. Mteja anayejua anaweza kuondoka wakati wowote hukaa kwa moyo mweupe.

Sasa tuje kwa wale wanaosema ni aibu kumtoza jirani. Wazee wangu, tunawaheshimu. Mnasema kweli kwamba kusaidiana ndiko kulikotufikisha hapa. Lakini tuulizane: ni nani analipia sasa hivi? Si bure. Analipia yule kijana anayekesha mpaka saa nane za usiku akirekebisha tovuti ya kikundi cha watu wengine, na asubuhi hana nauli. Siku atakapopata kazi mjini ataondoka, na vikundi vyote vitabaki na kurasa zisizofunguka. Je, huko ndiko kumsaidia jirani? Bei ya haki, iliyotangazwa wazi, yaweza kuwa msaada mkubwa kuliko bure isiyo na kesho.

Na ninyi mnaosema tuuze leo leo, nanyi mtusikilize. Mali yenu kubwa si ile programu. Programu kama hiyo mwingine ataiandika mwaka ujao, pengine iwe nzuri kuliko yenu. Mali yenu ni kwamba mama mweka hazina anawaamini, akipiga simu anajua itapokelewa. Imani hiyo mmeijenga polepole, na inaweza kubomoka kwa tangazo moja lililoandikwa vibaya.

Ushauri wetu basi ni huu. Msiamue leo. Kwa miezi mitatu andikeni katika daftari kila simu mnayopokea, kila saa mnayotumia na kila shilingi inayotoka. Halafu viiteni vile vikundi vya jirani, vionyesheni daftari hilo bila kuficha, mpatane bei pamoja. Mtu akiona gharama kwa macho yake, mara nyingi yeye mwenyewe husema bei kabla hujafungua mdomo.



Maswali ya kujadiliana kikundini:

Je, kuna kitu kikundi chetu kinakitoa bure ambacho mtu mmoja tu ndiye anayebeba gharama yake? Ni nani huyo, na tumemuuliza?

Tukianza kutoza, waliotumia bure tangu mwanzo tutawaambia nini, na tutawapa muda gani?

Mtengenezaji wetu akiondoka kesho, ni nani mwingine anayejua kazi hiyo?