MWENYE KUAMUA AAMBIWE UKWELI WOTE

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye darasa la sheria la vijana wetu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie adhabu ya kifo. Najua wengi mlitegemea nianze na Kanuni yetu ya Adhabu. Tutafika huko. Ila naomba nianzie mbali kidogo, South Carolina, Marekani, kwa sababu kule liliulizwa swali moja dogo sana mahakamani, na jibu lake lilimgharimu mtu hukumu ya kifo. Nikimaliza mtaona kwa nini swali lile ni letu pia.

Kwanza tuelewane jinsi wenzetu wanavyofanya. Kule, kesi ya mauaji ambayo adhabu yake inaweza kuwa kifo ina hatua mbili. Hatua ya kwanza: ameua au hajaua? Akipatikana na hatia, inakuja ya pili: afe, au afungwe maisha? Na kwa kawaida anayejibu si jaji. Ni baraza la mahakama, raia 12 wa kawaida. Mmoja mwalimu, mwingine dereva wa lori, mwingine mama wa nyumbani. Msiwachanganye na wazee wa baraza wa mahakama zetu. Wazee wetu humshauri jaji, na jaji anaweza kuukataa ushauri wao. Wale wa Marekani wana mamlaka hasa. Kazi ya jaji ni kuwapa maelekezo: sheria inasema hivi, mnaruhusiwa kuangalia hiki, kile msikiangalie. Kwa hiyo chochote ambacho jaji hakuwaambia, wao wanakijaza kwa kubahatisha.

Sasa, kesi yenyewe. Julai 1990, bibi kizee mmoja aliuawa kwa kipigo nyumbani kwake mjini Columbia. Aliyeshtakiwa anaitwa Jonathan Simmons. Siji hapa kumpamba. Kabla ya kesi hiyo kusikilizwa alikuwa amekiri makosa ya kuwashambulia na kuwadhalilisha wanawake wengine wawili wazee. Ni matendo ya kutisha, na familia za wale bibi zilistahili haki.

Lakini kukiri kule kulikuwa na matokeo ya kisheria. Kwa sheria ya South Carolina, mtu mwenye rekodi ya kosa la ukatili akitiwa hatiani tena kwa kosa kama hilo, hana parole. Parole mnaifahamu, hata hapa ipo sheria yake tangu 1994: mfungwa anatoka kabla ya kumaliza kifungo, kwa masharti. Simmons hakuwa na nafasi hiyo. Kwake yeye kifungo cha maisha maana yake ilikuwa kufia gerezani.

Hebu fuatilieni kilichofuata. Mwendesha mashtaka aliiomba mahakama izuie upande wa utetezi usitaje kabisa habari ya parole. Jaji akakubali. Halafu mwendesha mashtaka yuleyule akasimama mbele ya wale raia 12 akawaambia, kwa maana hiyo, huyu mtu ni tishio kwa jamii, na hukumu yenu itakuwa ni kujilinda. Kujilinda na nani? Na mtu ambaye sheria ilikwisha kusema hatoki!

Mawakili wa utetezi walihangaika. Walileta wataalamu waliosema huyu mtu hatari yake ni kwa wanawake wazee. Na gerezani hakuna bibi kizee. Lakini hoja hiyo ina maana kama tu unajua kwamba atabaki gerezani. Wakaleta na utafiti wa maoni wa jimbo hilohilo: kati ya watu wenye sifa za kukaa kwenye baraza la mahakama, ni asilimia 7.1 tu walioamini kwa dhati kwamba aliyefungwa maisha anakaa ndani maisha yake yote. Karibu nusu waliamini muuaji anaweza kutoka ndani ya miaka 20. Na zaidi ya asilimia 75 walisema muda halisi ambao mtu atakaa gerezani ungekuwa jambo muhimu sana kwao wakiambiwa waamue afe au aishi. Yaani jaji aliwekewa mezani ushahidi kwamba wananchi hawajui, na kwamba kutokujua huko ndiko kutaamua. Bado akakataa kuwaambia.

Baraza likaingia chumbani. Baada ya dakika 90 wakatuma karatasi kwa jaji, wanauliza: je, kifungo cha maisha kina uwezekano wa parole?

Jamani, kuna swali la haki kuliko hilo? Watu 12 wameshika roho ya mtu mkononi, wanauliza tu, hii njia ya pili mliyotupa inakwenda wapi?

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: hapana. Jaji akawajibu kwamba wasifikirie habari ya parole, si suala lao, na kwamba maneno kifungo cha maisha yachukuliwe kwa maana yake ya kawaida. Maana ya kawaida! Wakati utafiti ulishaonyesha kwamba maana ya kawaida, kichwani mwa mtu wa South Carolina, ni miaka ishirini halafu mtu yuko mtaani. Dakika 25 baadaye wakarudi na hukumu ya kifo.

Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 1994, majaji saba dhidi ya wawili walisema hukumu ile haiwezi kusimama. Msingi wake ni huu: kama Serikali inamwombea mtu kifo kwa hoja kwamba atakuja kuwa hatari, na sheria yenyewe inasema mtu huyo hana parole, basi haki ya kusikilizwa inadai baraza liambiwe hivyo. Huwezi kumuua mtu kwa hoja ambayo umemnyima nafasi ya kuijibu.

Mngedhani pale ndiyo mwisho. Wapi!

South Carolina wakatafuta uchochoro. Mwaka 2001 ikarudi Mahakama ya Juu kesi ya Shafer, jimbo lilelile, baraza limeuliza swali karibu lilelile na jaji amekwepa vilevile. Mwaka 2002 ikaja ya Kelly. Zote mbili jimbo lilishindwa. Arizona nao walikuwa wamefuta parole kwa makosa yaliyotendwa tangu 1994, lakini mahakama zao ziliendelea kusema kanuni ya Simmons haiwahusu, eti kwa sababu gavana anaweza kutoa msamaha siku moja. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Lynch, Mahakama ya Juu ikawaambia mmekosea. Hata hapo hawakutulia, mpaka kesi ya Cruz, Februari 2023, ilipoamuliwa kwa kura tano dhidi ya nne. Hesabuni wenyewe: 1994 hadi 2023. Karibu miaka thelathini ya kubishania kama watu waambiwe ukweli ambao sheria yenyewe inausema.

Na kuna waliokosa. Virginia kulikuwa na kijana anaitwa Ramdass. Baraza lake nalo liliuliza kuhusu parole, nalo halikujibiwa. Kwa sheria ya jimbo lake, makosa matatu ya aina fulani yanakuondolea parole. Alishakutwa na hatia kwenye hayo makosa, lakini kwa kosa moja jaji alikuwa bado hajaandika hukumu rasmi kwenye kumbukumbu. Iliandikwa siku 19 baada ya kesi yake ya kifo kumalizika. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu, kura tano dhidi ya nne, ikasema siku ile baraza lilipokaa alikuwa hajakamilisha masharti, kwa hiyo kanuni ya Simmons haimhusu. Oktoba mwaka huohuo akauawa. Siku kumi na tisa za makaratasi.

Tena kuna jambo moja linaniuma kama mwanafunzi wa sheria. Mwaka 1983, kwenye kesi iliyotoka California, mahakama hiyohiyo iliruhusu baraza liambiwe kwamba gavana anaweza kupunguza kifungo cha maisha kisicho na parole, mfungwa akapata njia ya kutoka. Baraza halikuwa linaambiwa kwamba gavana huyohuyo anaweza kupunguza na adhabu ya kifo. Kwa hiyo ukweli wa kuwatia watu hofu ulipita miaka kumi na moja kabla ya ukweli wa kuwatuliza. Mkisikia mtu anasema kanuni za ushahidi na maelekezo ni mambo ya kiufundi tu, mkumbusheni hilo. Anayechagua nini kisemwe na nini kifichwe, huyo ameshaamua nusu ya kesi.

Sasa turudi nyumbani.

Mtu anaweza kusema, dada, hayo ni ya Wamarekani, sisi hatuna baraza la raia 12. Ni kweli. Sisi tumelimaliza tatizo lile kwa njia mbaya zaidi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Nukta. Ukiondoa mwanamke mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18, jaji hana pa kwenda. Aliyemuua mumewe baada ya miaka kumi ya kupigwa, na jambazi aliyeua familia nzima, wakishakutwa na hatia ya kosa hilo jaji anatamka sentensi ileile. Wakili atasimama aombe mteja wake apunguziwe, mkosaji wa kwanza, ana watoto, amejutia. Jaji atasikiliza kwa heshima, halafu atasema mikono yangu imefungwa. South Carolina walimficha mwamuzi maana ya chaguo la pili. Sisi chaguo la pili lenyewe tumeliondoa mezani.

Marekani, pamoja na mapungufu yao yote, waliachana na adhabu ya kifo ya lazima mwaka 1976, kwenye kesi ya Woodson. Kenya, Mahakama ya Juu yao iliitupa Desemba 2017, kwenye kesi ya Muruatetu. Hapa kwetu Jaji James Mwalusanya alisema mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo yenyewe ni kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika, inayokaa Arusha hapahapa, kwenye kesi ya Ally Rajabu, ilisema kulazimisha adhabu ya kifo ni kuvunja haki ya kuishi, na ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuondoa ulazima huo. Mwezi huohuo Serikali yetu ilikuwa imeshatoa taarifa ya kujitoa kwenye utaratibu unaomruhusu mwananchi kuipeleka moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwezi huohuo, makamanda.

Na mkumbuke mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani asiletewe orodha ya wa kunyongwa, kwa kuwa alijua ugumu wa jambo lile. Simlaumu kwa kauli hiyo, aliisema kibinadamu. Lakini angalieni tulivyolipanga. Rais, ambaye hakukaa kwenye kesi, ana uhuru wa kusema hili ni gumu, siwezi. Jaji aliyesikiliza mashahidi wote na kumwona mshtakiwa usoni hana uhuru huo. Hatujanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini tunaendelea kuhukumu, na watu wanazeeka kwenye vyumba vya waliohukumiwa kifo wakisubiri kisichosemwa.

Najua swali mlilonalo: na haki ya marehemu je? Ni swali halali, na mtu asije akalicheka. Mama aliyeuliwa mwanawe ana haki ya kuona muuaji anaadhibiwa vikali. Mimi siombi muuaji aachiwe. Naomba anayetoa adhabu awe na macho mawili, aone kosa na aone mtu. Baada ya hapo akitoa kifungo cha maisha, familia ya marehemu iambiwe palepale mahakamani kifungo hicho maana yake nini. Wao pia hawastahili kubahatishwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, nayo yaingie kwenye ilani yetu kwa lugha inayoeleweka. La kwanza, ulazima wa kifungu cha 197 uondoke, jaji apewe uwezo wa kupima adhabu. La pili, sheria iseme wazi kifungo cha maisha ni nini, kinapitiwa lini na nani, na jaji alitamke hilo siku ya hukumu. Tukifanya la kwanza tukasahau la pili, tutakuwa tumejijengea South Carolina yetu. Wakenya walipoondoa ulazima 2017, suala la maana ya kifungo cha maisha mahakama ililiachia Bunge, na ubishi wake umeendelea kwa miaka.

Na la mwisho ni letu sisi wenyewe. Kila likitokea tukio baya, mitandaoni tunakuwa wa kwanza kuandika "anyongwe". Wengine wanaoandika hivyo wamo humu ndani, nawaona. Chama chetu kinadai kila siku kwamba mwananchi asipewe karatasi ya kura huku amefichwa anachokichagua. Kanuni hiyo haiwezi kuwa nzuri kwenye kituo cha kura halafu ikawa mbaya mahakamani. Kabla hujaandika, jiulize kama wale raia 12: nimeambiwa yote? Na kama hujaambiwa, dai uambiwe kwanza.

Tuanze maswali, na wale wa "anyongwe" ndio wawe wa kwanza.