KWA NINI AFISI ZINAHAMA KATIKATI YA MJI, NA NANI ANAYELIPA NAULI

(Hotuba ya katibu wa tawi mbele ya wawakilishi wa makarani, matarishi, walinzi na wafagiaji, Nairobi. Imepigwa chapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa miguu yenu kabla ya kulijua kwa masikio. Afisi zinahama. Barua ya tajiri huwa fupi. Husema kwamba kuanzia tarehe fulani afisi yetu itakuwa Westlands, au Upper Hill, au huko kwenye barabara ya Mombasa. Husema jumba ni jipya, hewa ni safi, na mahali pa kuweka motokaa ni pengi. Juu ya nauli haisemi neno.

Sikuja kuwatukana matajiri. Nataka kwanza tuzisikilize sababu zao, maana chama kisichojua hesabu ya tajiri hakiwezi kubishana naye mezani.

Sababu ya kwanza ni motokaa. Katikati ya Nairobi mitaa ilipimwa zamani, na majumba mengi yalijengwa wakati wenye motokaa walikuwa wachache. Leo kila meneja anayo yake, na kila mgeni anayekuja kumwona meneja anayo yake. Jumba jipya la viungani huchimbiwa ghorofa chini ya ardhi kwa ajili ya magari tu. Sababu ya pili ni nafasi. Kampuni iliyokua kidogo kidogo mjini hujikuta ina vyumba viwili katika jumba hili, ghorofa moja katika jumba lile, na stoo mtaa wa tatu. Tarishi anashinda akibeba faili kati ya hizo zote. Inataka ghorofa pana ambamo watu wote wataonekana. Sababu hizi mbili ni za kweli, na mtu mwenye haki hawezi kuzikataa.

Wengine husema kodi ni nafuu. Hapo niulizeni kwa makini. Pengine ni nafuu, pengine sivyo, lakini majumba mapya ya vioo ya Westlands hayajulikani kwa kodi ndogo. Tajiri anayesema anahama ili aokoe pesa na aonyeshe hesabu.

Tena kuna sababu ya usalama, nayo kwetu si jambo la mchezo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Jumba la Ufundi liliporomoka, na watu zaidi ya 200 walikufa katika mji huu. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za afisi, wanafunzi na wapita njia, watu kama ninyi. Ubalozi wenyewe ulihamia Gigiri, na jumba lake jipya likafunguliwa mwaka 2003. Baada ya siku ile kampuni nyingi zilianza kuuogopa mji. Lakini kumbukeni pia kwamba jumba la Ushirika, lililoumia vibaya siku ile ile, lilitengenezwa, na benki ikarudi ndani yake. Kwa hiyo woga peke yake haukuwa amri ya kuhama.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, maana mchezo huu haukuanzia kwetu. Ulichezwa Marekani miaka 70 iliyopita. Mwaka 1954 kampuni ya vyakula, General Foods, ilitoka New York ikaenda White Plains. Mwaka 1957 kampuni ya bima, Connecticut General, ikatoka mji wa Hartford ikajenga huko mashambani Bloomfield. IBM ikahamia Armonk mwaka 1964, na PepsiCo ikahamia Purchase mwaka 1970. Sababu walizotoa ni zile zile: magari, ghorofa pana, utulivu. Wengine walitaja hata bomu la atomiki.

Lakini angalieni walichofanya wale wa bima. Makarani wao wengi walikuwa wanawake, na wanawake wale walizoea saa ya chakula kuingia madukani Hartford na kufanya mahitaji ya nyumbani. Huko Bloomfield hapakuwa na duka. Kampuni ikaona, tukiwapeleka hivi hivi tu, watatuacha. Ikajenga ndani ya afisi mahali pa kula, duka, pa kutengeneza nywele, na hata uwanja wa mchezo wa kuviringisha mipira. Hii haikuwa sadaka. Ni kwamba tajiri alihesabu: karani akiondoka ni hasara. Nawaomba wawakilishi wetu mlishike hilo, kwa sababu mkiambiwa kwamba kantini na basi la wafanya kazi ni anasa, mjue kwamba mabepari wakubwa kuliko hawa wetu waliviona kuwa gharama ya kawaida ya kuhama.

Alitokea huko mwandishi mmoja, William H. Whyte, mtu mwenye kupenda kuhesabu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1988 alichukua kampuni 38 zilizotoka New York kwa kusema zinatafuta maisha mema kwa wafanya kazi wao. Akatafuta nyumba ya mkubwa wa kila kampuni iko wapi. Akakuta kampuni 31 kati ya hizo 38 zilihamia karibu na nyumba ya mkubwa, na umbali wa wastani ulikuwa maili 8 tu. (Hapa watu walicheka.) Ndiyo, chekeni, lakini jambo lenyewe ni zito. Akaangalia pia bei ya hisa zao kwa miaka kadhaa, akaona zile zilizobaki mjini zilipanda zaidi ya maradufu kuliko zilizohama. Sisemi kuhama ndiko kulikoziangusha. Nasema kwamba neno la faida halikuthibitika.

Na baadhi yao wamerudi. General Electric ilitoka New York ikaenda Fairfield mwaka 1974. Mwaka 2016 ikatangaza kwamba inahamia katikati ya mji wa Boston. McDonald's ilikaa Oak Brook tangu mwaka 1971, na mwaka 2018 ikarudi Chicago mjini, maana vijana waliowataka kuwaajiri hawakupenda kukaa huko nje.

Turudi kwetu. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana.

Mji huu wa Nairobi ulipangwa na wakoloni kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, mahali pa juu penye upepo na miti. Mwafrika aliyekuja kufanya kazi alijengewa mashariki, chini, kwenye udongo mweusi: Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni, Kaloleni, Ziwani, Bahati. Ubaguzi wa sheria ulikwisha, lakini nyumba hazikuhama. Mtu wa mshahara mdogo bado anakaa upande wa mashariki, ila sasa amesukumwa mbele zaidi, Umoja, Kayole, Dandora, Embakasi, Njiru. Na Upper Hill ni wapi? Ni kilima cha nyumba za wakubwa wa reli. Westlands ni wapi? Ni upande wa makao ya Wazungu. Kwa hiyo afisi inapohama kutoka mjini kwenda huko, haihami tu. Inamsogelea meneja anayekaa Lavington, na inamkimbia karani anayekaa Kayole. Johannesburg walifanya vivyo hivyo: soko la hisa lilitoka katikati ya mji likahamia Sandton mwaka 2000, kaskazini, na watu wa Soweto wako kusini-magharibi.

Kisha kuna jambo la matatu. Njia za matatu hapa kwetu ni kama mikono ya gurudumu, zote zinakutana katikati. Mtu wa Kayole akifanya kazi mjini analipa nauli moja. Afisi ikienda Westlands, anashuka mjini, anavuka kwa miguu katikati ya watu mpaka Odeon, anapanga foleni, analipa nauli ya pili. Tuseme, kwa mfano tu, nauli ya pili ni shilingi 50. Kwenda na kurudi ni 100. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 2,200 kila mwezi, na anayefanya kazi Jumamosi pia ni 2,600. Mvua ikinyesha mnajua wenyewe nauli hufika wapi. Tuseme tena anapoteza dakika 40 asubuhi na 40 jioni. Kwa mwezi ni zaidi ya saa 29, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za kazi, ambazo hakuna anayemlipa. Mshahara haukupunguzwa hata senti moja kwenye karatasi, lakini umepunguzwa. Meneja, yeye, tangu mwaka 2022 ana barabara ya juu kutoka Mlolongo mpaka Westlands, akilipa ushuru wake anapita juu ya vichwa vyetu.

Lazima niseme na upande wa pili. Wako wanachama wanaokaa Kangemi na Kawangware ambao kwao afisi ya Westlands ni nafuu. Mtu wa Kibera anakwenda Upper Hill kwa miguu. Na mtu mwenye nguvu anaweza kupanda kilima cha Upper Hill kutoka mjini kwa miguu, ingawa sijaona tajiri akijaribu. Kwa hiyo tusisimame mezani na kusema kuhama ni kubaya kwa kila mtu. Tutaulizwa mifano na tutaaibika.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao barua ya tajiri haiwakumbuki. Mfagiaji anaingia saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu za pili hazijajaa. Mlinzi anatoka usiku. Tarishi mara nyingi haambiwi kabisa. Siku ya kuhama anakuta kazi yake imepewa kampuni nyingine ya kukodi watu. Hapo, ndugu, hakuna tena kuhama, ni kuachishwa kazi kwa sababu kazi haihitajiki. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka chama kipewe notisi si chini ya mwezi mmoja, na inataka malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Msikubali jina la kuhama litumike kuficha jambo hilo.

Na wale wanaobaki kazini? Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 10, inasema mahali pa kazi ni moja ya mambo ya kuandikwa katika mkataba, na yakibadilika, tajiri atarekebisha mkataba kwa kushauriana na mfanya kazi na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana si kubandika tangazo ukutani. Alawansi ya nyumba nayo ni ya kodi ya nyumba. Mtu asituambie kwamba nauli imo ndani yake.

Jambo la mwisho ni la chama chenyewe. Zamani mwakilishi aliweza saa saba mchana kuwaona wanachama wa kampuni tano kwenye mtaa mmoja, wakila. Sasa kampuni moja iko ndani ya ukuta na geti, na askari wa getini anamwuliza katibu wa chama amekuja kwa nani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi, ya mwaka ule ule 2007, inampa ofisa wa chama ruhusa ya kuingia kwa kiasi kinachofaa. Lakini ni heri saa na mahali pa kukutana viandikwe katika mapatano kabla funguo za jumba jipya hazijatolewa, kuliko kugombana na askari ambaye naye ni mfanya kazi.

Kwa hiyo kamati inataka hesabu, si manung'uniko. Kila mwakilishi atachukua karatasi mlangoni. Andikeni kwa kila mwanachama anakaa wapi, anapanda magari mangapi sasa, atapanda mangapi baadaye, na saa anayotoka nyumbani. Wa zamu ya usiku waandikwe katika karatasi yao peke yao, ili tukidai basi tujue liondoke saa ngapi na lipite wapi. Karatasi zirudi tawini kabla ya mwisho wa mwezi, maana mazungumzo na matajiri wawili yanaanza wiki inayofuata.