Jembe la Bei Rahisi Lilitugharimu Msimu
(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Hatukuja hapa kama wataalamu. Tumekuja kusema yaliyotupata, ili nyinyi msirudie kosa letu.

Kikundi chetu kina watu 18. Tulichanga pesa kidogo kidogo kila wiki mpaka tukaweza kununua majembe 18 ya shamba la pamoja. Sokoni tuliyapata mapya, yamepakwa rangi nyekundu, yanang'aa. Bei ilikuwa chini. Tukafurahi, tukalipa, wala hatukuuliza swali.

Mvua ndefu ilipoanza tukaingia shambani. Kufika siku ya tatu, majembe 5 yalikuwa yamepinda kama bati. Moja likachomoka kwenye mpini, likaruka, likamkata mama mmoja mguuni. Alikaa nyumbani wiki tatu bila kushika kazi. Mahindi tukayapanda tumechelewa, na nyote mnajua mavuno ya aliyechelewa.

Basi tukaenda kwa fundi mmoja wa jua kali, mzee aliyefua vyuma miaka mingi. Tukamwambia, "Mzee, tufundishe kununua." Akacheka, akasema, "Nyinyi mlinunua rangi." Haya ndiyo aliyotuonyesha:

1. Sikiliza. Shika jembe lisilo na mpini, uligonge kwa kijiwe. Likilia kama kengele, hiyo ni dalili nzuri. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, liache. Huenda rangi imeficha ufa.

2. Nenda na tupa. Mwombe muuzaji ruhusa, upige tupa mara moja kwenye pembe ya makali. Ikila chuma kwa urahisi, chuma ni laini na makali hayatakaa. Ikiteleza bila kukwaruza hata kidogo, chuma ni kigumu mno, kitameguka kikigonga jiwe. Jembe zuri hukwaruzika kwa taabu kidogo.

3. Tazama tundu la mpini. Bora ni lile lililofuliwa pamoja na jembe lenyewe. Kama limechomelewa, hakikisha limeshikwa pande zote, si kwa vidoa viwili vitatu.

4. Chagua mpini. Mistari ya mti iende sawa na urefu wa mpini. Ikikata upande, hapo ndipo utavunjika. Mti uwe mkavu. Ukiwa mbichi, hunywea ukikauka, na jembe hulegea. Hilo ndilo lililomkata mwenzetu.

Na panga je? Lipinde kidogo, kisha uliachilie. Lirudi lenyewe na kunyooka. Chuma chake kifike mwisho wa mpini, tena kifungwe kwa ribiti zisizocheza.

Jamani, tusidharau vitu vya jua kali. Mafundi wengi hufua mapanga na majembe kwa springi za magari makuukuu, na hicho ni chuma kigumu, mradi fundi ajue kukipasha moto na kukipoza. Mwulize chuma chake kimetoka wapi. Tena huyo ni jirani: kazi yake ikiharibika, unajua mlango wa kubisha.

Jambo lingine. Mpini ukivunjikia ndani ya tundu, wengi wetu hulitia jembe motoni ili kipande kiungue. Tafadhali tuache! Moto huondoa ugumu wa chuma, na jembe zuri hugeuka kuwa bati. Kitoe kipande hicho kwa nyundo na nondo fupi, hata kama ni kazi ya nusu saa.

Msimu uliofuata tulituma watu wawili sokoni wakiwa na tupa. Pesa zilitosha majembe 9 tu. Wengine walinung'unika, lakini tuliingia shambani kwa zamu, nusu asubuhi na nusu jioni, tukamaliza kupalilia mapema. Majembe hayo 9 tunayo mpaka leo. Yale mekundu yamebaki vipande nyuma ya jiko.

Basi, kabla mweka hazina wenu hajafungua sanduku, mpeni tupa. Na yule mama aliyeumia ndiye tunayemtuma sokoni siku hizi. Yeye hadanganywi na rangi.

Mwenye swali, karibu.