Samaki Mbichi Hukunjwa, Havunjwi

Hotuba ya afisa wa mahusiano ya polisi na jamii kwa makocha, wazazi na wachezaji chipukizi, Juru, Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale



Huenda wapo wanaojiuliza polisi ana shughuli gani na mazoezi ya watoto. Jibu langu ni fupi. Hapa Nakivale wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia, na jirani yao ni wenyeji wa Isingiro. Watoto wao hawazungumzi lugha moja nyumbani wala hawasali mahali pamoja, lakini jioni hukutana uwanjani. Mtu mzima anayeshika kipenga pale huwafundisha zaidi ya kandanda. Huwaonyesha jinsi mwenye nguvu anavyomtendea asiye na nguvu. Wakijifunza vibaya, sisi polisi tutakutana nao baadaye, na hatutakutana uwanjani.

Nilipokuwa kijana nilicheza beki. Kocha wetu alitembea na fimbo, na kila aliyepoteza pasi aliitwa pembeni akachapwa. Nilijifunza somo moja tu: kuubutua mpira mbali upesi, ili kosa lisiwe langu. Nilicheza miaka minne bila kuinua kichwa kumtafuta mwenzangu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema tumkunje, hawakusema tumvunje. Mtoto anayeogopa hajaribu, na asiyejaribu hakui.

Basi kocha mwema hufanyaje? Kwanza, hupanga mazoezi ili kila mtoto auguse mpira. Nimeona watoto thelathini wakipanga foleni, mpira mmoja, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupiga golini. Kwa saa nzima, mtoto hupata zamu chache mno. Wagawe wanne kwa wanne katika viwanja vidogo, magoli yakiwa mawe mawili. Kama mipira ni michache, hii ni nchi ya migomba: mpira wa majani makavu ya mgomba unatosha kufundisha pasi na chenga. Awer Mabil, aliyezaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, alianza na mipira ya kujitengenezea. Mwaka 2022 aliifungia Australia penalti katika mchuano wa kufuzu dhidi ya Peru, kisha akaenda Kombe la Dunia nchini Qatar.

Pili, huuliza kabla ya kukemea. Mtoto akikosea, msimamishe umuulize: “Ulimwona nani? Ungeweza kufanya nini kingine?” Kocha anayepiga kelele dakika zote za mchezo huwafikiria wachezaji wake kwa niaba yao, na siku asipokuwapo hawajui la kufanya. Maelezo yawe machache na mafupi, hasa pale ambapo wachezaji wana lugha tano. Onyesha kwa mguu. Mguu hauhitaji mkalimani.

Tatu, huwachezesha wote, na huwachanganya. Mvulana wa miaka 13 aliyewahi kurefuka hushinda mbio leo, na kocha mwenye haraka humweka mbele kila mechi, huku yule mfupi akizeeka kwenye benchi. Miaka mitatu baadaye urefu wao hulingana, lakini mmoja amefunzwa na mwingine amesahauliwa. Wasichana nao wapewe muda wao wa uwanja, si masalia ya muda wa wavulana. Na timu zisiundwe kwa taifa. Mechi ya Wakongo dhidi ya Warundi ikiharibika, ugomvi huenda hadi kwenye foleni ya maji. Timu iliyochanganyika haina wa kumpiga jiwe.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Mpaka wa Tanzania uko karibu nasi, na barabara ya Mbarara iko wazi. Hutokea mtu mwenye simu nzuri akajiita wakala, akamwahidi mtoto klabu ya ng’ambo, akaomba fedha za pasipoti, kisha akamwondoa usiku. Wazazi, shikeni hili: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache yanayochunguzwa kwa makini. Mabil mwenyewe alihamia Australia akiwa mtoto, pamoja na familia yake, kwa njia halali ya wakimbizi. Nayo sheria ya Uganda ya mwaka 2009 dhidi ya biashara ya binadamu ina adhabu kali kwa anayemsafirisha mtoto ili kumtumikisha. Ridhaa ya mzazi aliyedanganywa haimwokoi mhalifu.

Vilevile msipunguze umri wa watoto. Tangu mwaka 2009 FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya chini ya miaka 17. Uongo utakaompa mtoto kombe la kijiji utamfungia mlango wa mbele.

Naomba mambo matatu. Kila timu iwe na mzazi mmoja anayehudhuria mazoezi. Kila safari ya nje ya makazi iandikwe na kufahamishwa viongozi na kituo cha polisi. Na mtoto akiumizwa, akiguswa vibaya au akitoweka, msisubiri kupambazuke; pigeni simu namba 116 ya watoto, ambayo ni bure, au mje kituoni.

Makocha, nyinyi hufanya kazi hii bila mshahara, juani na vumbini. Nawashukuru. Ile fimbo iacheni nyumbani. Njooni na kipenga.